Boti ya faiba imepauka, ikisuguliwa inang'aa halafu inarudi chaki. Jelikoti imekufa au kuna kitu tunakosea?

#1 Dau_la_Mnyonge
Wakuu salama? Nina boti ya faiba ya zamani, futi 19, ubavuni bluu iliyokolea na juu kwenye deki nyeupe. Hiyo bluu imepauka vibaya, ukipitisha kiganja kinatoka na unga. Msimu uliopita fundi aliipiga kompaundi (dawa ya kusugulia) kwa mashine ikang'aa mpaka unajiona sura, akamalizia na nta. Msimu wenyewe haujaisha unga umerudi, tena ubavu wa kulia umezidi wa kushoto. Sasa kila ninayemuuliza ananiambia jelikoti (ile ngozi ya nje ya boti) imekufa, piga rangi. Mimi siamini. Msimamo wangu ni kwamba jelikoti haifi, watu wanakimbilia rangi kwa sababu kusugua ni kazi. Anayejua anieleweshe kwa nini imerudi haraka hivi.

#2 Kaskazi_Kali
Inakufa mkuu. Boti ya miaka mingi juani unategemea nini. Piga rangi upumzike.

#3 MzeeWaMsasa
#2 usimkatishe tamaa mwenzio kabla hatujajua hali ya hiyo bodi.

Dau, kwanza tuelewane jelikoti ni nini maana wengi wanaisema kama vile ni rangi iliyopakwa juu. Ni resini ya poliesta (gundi ya plastiki inayoganda ikawa ngumu) iliyochanganywa na pigimenti, yaani chembe za rangi, kiwandani inapulizwa ndani ya kalibu KWANZA, halafu ndio faiba na resini nyingine zinafuata nyuma yake, kwa hiyo boti ikitolewa kwenye kalibu jelikoti ndio ngozi ya nje na imeshikana na faiba kama kitu kimoja. Unene wake kwa kawaida ni kati ya milimita 0.5 na 0.8 hivi, ambao ni mkubwa kuliko rangi ya gari kwa mbali sana. Jua, yaani ile miale ya UV, inavunjavunja resini ya juu kabisa, resini ikiondoka punje za pigimenti zinabaki zimelegea hazina kinachozishika, huo ndio unga unaoutoa na kiganja. Chini ya huo unga kuna jelikoti nzima bado.

Fanya hivi: mwagia maji sehemu iliyopauka uangalie. Ikirudi bluu yake ikiwa imelowa, basi rangi ipo, kilichoharibika ni uso tu. Maji yanajaza vile vishimo vidogo na mwanga unaacha kutawanyika, ndio maana unaiona rangi.

Na kwa nini imerudi haraka, dau langu (samahani kwa kutumia jina lako) ni kwamba fundi hakuitoa tabaka bovu yote. Kompaundi nyingi zina mafuta ndani, mafuta yanaingia kwenye vishimo na kufanya kazi ileile ya maji. Inang'aa kweli, ila yakikauka au kuoshwa unarudi ulikotoka.

#4 bintiOmo
Nakubaliana na #3 nusu. Hilo jaribio la maji linaonyesha rangi ipo, halionyeshi imebaki unene gani. Bodi inaweza kurudi bluu ikilowa na bado imebaki nyembamba kiasi kwamba ukiweka msasa mara moja unaona nyuzi za faiba. Boti ya zamani hujui wenye nayo waliotangulia waliisugua mara ngapi. Dau tuambie fundi alitumia pedi gani na alimaliza kwa muda gani, na we unaioshaje.

#5 Dau_la_Mnyonge
Asanteni. Nimemwagia maji, inarudi bluu kabisa, nimefurahi sana. Pedi ilikuwa ya sponji, alimaliza pande zote mbili siku hiyohiyo. Kuosha natumia sabuni ya unga, na ndege wakichafua natia na jiki kidogo.

#6 Joshi_Tele
Hapo hapo! Sabuni ya unga na jiki, umeshajijibu. Sabuni za nguvu zimetengenezwa kutoa mafuta, na nta nayo ni jamii hiyohiyo, unaipaka halafu kila wiki unaikwangua mwenyewe. Nta ikishatoka jelikoti iko uchi mbele ya jua. Tumia shampuu ya boti au ya gari, ile laini. Jiki weka mbali kabisa.

#7 Kaskazi_Kali
Sabuni haiwezi kuleta unga ndani ya msimu mmoja bana. Shida ni BLUU. Rangi nzito zote zinanyonya joto, bluu iliyokolea na nyekundu ndio za kwanza kufa, nyeupe inarudisha mwanga ndio maana deki yake hajaisemea chochote. Mwenye boti nyeupe halalamiki.

#8 MzeeWaMsasa
Kaskazi hapo kwenye joto uko sawa ila kwenye nyeupe angalia vizuri. Nyeupe nayo inatoa unga, haionekani tu kwa sababu unga wenyewe ni mweupe. Dau chukua kitambaa cheusi kikavu usugue deki utuambie kimetokaje.

#9 ChumviMunyu
Mnasahau chumvi. Maji ya bahari yakikauka juu ya bodi yanaacha punje za chumvi, zile punje zinakusanya jua kama lenzi zinaichoma jelikoti. Boti za maziwani hazipauki hivi.

#10 MzeeWaMsasa
Zinapauka mkuu. Hata boti iliyokaa uwanjani juu ya trela bila kugusa maji msimu mzima inapauka ikiwa haijafunikwa. Jua linatosha lenyewe, halihitaji lenzi. Ubaya wa chumvi ni pale mtu anapoifuta bodi kikavu na kitambaa, hapo zile punje zinakwaruza. Suuza na maji baridi (yasiyo ya chumvi) kwanza, ndio ufute.

#11 Tanga_Bovu
Mimi niulize swali ambalo hakuna aliyeuliza, ana uhakika gani kwamba hiyo bluu ni jelikoti? Boti nyingi za zamani zilishapigwa rangi na mtu fulani huko nyuma na mwenye boti wa sasa hana habari. Ukisugua rangi ukidhani ni jelikoti utaimaliza siku moja.

Lowesha kitambaa cheupe na asetoni, sugua sehemu iliyojificha. Rangi ya kopo moja italainika na kunata. Lakini angalizo, ikiwa ni ile ya kopo mbili (inayochanganywa na kigumisho) ya politani asetoni haiifanyi kitu, kwa hiyo kutolainika sio ushahidi. Na jelikoti iliyopauka nayo itatoa bluu kwenye kitambaa maana ni ule unga, usichanganye. Njia ya uhakika zaidi ni kufungua kipande cha ukanda wa mpira wa pembeni au skrubu ya kifaa chochote uangalie chini yake. Rangi iliyopigwa baadaye inaishia ukingoni, utaona mstari. Au tafuta sehemu iliyochubuka: jelikoti ni rangi moja mpaka unakutana na faiba, rangi ina matabaka, kuna praima (rangi ya kwanza ya chini), halafu chini unakuta jelikoti ya rangi nyingine.

#12 bintiOmo
#11 umeongea jambo kubwa. Hii ingetakiwa iwe komenti ya kwanza.

#13 Dau_la_Mnyonge
Nimefungua kipande cha ukanda upande wa nyuma. Hakuna mstari, bluu inaendelea chini yake, na aisee bluu ya pale ni nyingine kabisa, imekolea mpaka inakaribia weusi, sikujua boti yangu ilizaliwa hivyo. Kwa hiyo ni jelikoti. Kitambaa cheusi kwenye deki kimetoka CHEUPE pepepe.

#14 Joshi_Tele
Kaskazi njoo huku, kitambaa kimetoka cheupe 😄

#15 Kaskazi_Kali
Nimeona. Deki ni ya kukanyagwa na inatazama juu, inapigwa na jua wima kuliko ubavu, sio mlinganisho wa haki. Bado nasema bluu inakufa haraka.

#16 FundiFaiba
Wadau nimesoma uzi mzima. Kwa kuwa Dau ameshajua ni jelikoti niongee kazi yenyewe inavyokwenda, maana pedi ya sponji kwenye bodi iliyooza vile ni kupaka mafuta tu, hapo nasimama na MzeeWaMsasa wa #3.

Osha vizuri, kisha toa nta ya zamani yote kwa kitambaa na kiyeyushi, ukibadilisha upande wa kitambaa kila mara, la sivyo unaisambaza tu. Halafu USIANZE bodi nzima. Piga tepu kipande cha sentimita 60 kwa 60 mahali pabaya kuliko pote na uanze na kitu dhaifu zaidi, kompaundi ya kukata na pedi ya manyoya ya sufu. Mashine iwe ya kuzunguka, kama mizunguko 1200 hadi 1500 kwa dakika, usiende juu zaidi maana jelikoti inapata moto na inaweza kuungua na kubadilika rangi. Mashine itembee muda wote, isisimame sehemu moja. Kona na mikunjo ukae nayo mbali, pale jelikoti huwa nyembamba na pedi inakandamiza zaidi, ndipo watu wengi wanapotokea kwenye faiba. Kazi ifanyike kivulini, juani kompaundi inakauka kabla haijakata.

Ukimaliza hicho kipande kifute na spiriti. Hii ndio hatua ambayo watu wanairuka na ndiyo inayosema ukweli. Spiriti inaondoa mafuta yote ya kompaundi, kama mng'ao umebaki basi ni wa jelikoti yenyewe, kama umepotea na weupe umerudi basi ulikuwa umepaka mafuta. Angalia kwa tochi kwa pembeni sio uso kwa uso.

Kompaundi ikishindwa ndio unaingia kwenye msasa wa maji. Anza na 1000 (namba ikiwa ndogo msasa ni mkali zaidi). Ukiona haufiki, shuka 800. Sehemu ndogo iliyooza kabisa 600, na hapo uwe na sababu. Kisha unapanda tena, 1000, 1500, 2000, kila namba ifute mikwaruzo ya iliyotangulia, sugua kwa mwelekeo tofauti kila unapobadilisha namba utaiona mikwaruzo ya zamani inavyoisha. Tumia kibao cha sponji usisugue kwa vidole, vidole vinachimba mifereji. Maji yatakayotoka mwanzoni yatakuwa na maziwamaziwa, ukifika kwenye jelikoti nzima yanatoka bluu safi zaidi na msasa unabadilika unavyoshika, mkono utakwambia. Baada ya 2000 unarudi kwenye kompaundi na manyoya, halafu polishi laini na sponji, mwisho nta au silanti (dawa ya kuufunga uso). Pedi ya manyoya uichambue mara kwa mara, ikijaa unga uliokauka haikati tena, inachoma tu.

Pande mbili za futi 19 kwa siku moja? Kazi hii haipatikani kwa siku moja, hapana.

#17 Mkuku
Hii komenti ya #16 niihifadhi. Shukrani fundi.

#18 bintiOmo
Fundi maelezo safi lakini 600 mimi naikataa kwa boti ya zamani. Kila unachoondoa hakirudi. Jelikoti ya nusu milimita ikishasuguliwa na wenye boti watatu wanne, wewe unakuja na 600 unamaliza akiba. Ningekubali kubaki na bluu iliyofifia kidogo kuliko kutafuta ile ya kiwandani. Kipande kilichokuwa chini ya ukanda wa mpira hakijawahi kuona jua, Dau usikifanye kuwa kipimo chako utaumia.

#19 FundiFaiba
Nimesema uwe na sababu. Lakini kuacha tabaka bovu ndani ndio chanzo cha unga kurudi. Ama unalitoa au unakubali kusugua kila msimu, na kusugua kila msimu nako kunaila hiyo akiba yako, tena zaidi.

#20 Kaskazi_Kali
Kwa hiyo inaisha. Mwisho wa siku tumerudi kwenye #2 😎

#21 bintiOmo
Kuisha na kufa ni vitu viwili Kaskazi. Yake bado haijaisha.

#22 Mkuku
Kuna njia ya mkato hakuna aliyeitaja, zile akriliki za maji za kupaka na kitambaa. Unaosha bodi na kile kisafishio chake, unapaka matabaka membamba matano sita, kila moja linakauka kwa dakika chache, bodi inang'aa bila mashine wala msasa. Haili jelikoti hata kidogo. bintiOmo hii ingekufaa.

#23 Joshi_Tele
Ngoja zizeeke. Zinageuka njano, nyingine zinabanduka vipandevipande, na kuzitoa ni adhabu.

#24 Demani
Ninayo boti nyekundu iliyokuwa imegeuka waridi, natumia hiyo akriliki misimu mingi sasa na haijabanduka. Siri ni kuvua yote na dawa yake kabla ya kupaka upya, wanaobandukiwa ni wale wanaopaka juu ya mabaki ya nta au juu ya unga ambao haukuoshwa ukaisha. Wekundu haujawa ule wa dukani lakini waridi imeondoka na nakaa na amani. Kila mtu na boti yake.

#25 Joshi_Tele
Sawa Demani, ushahidi wako naupokea. Kwa watakaosugua, msiishie kwenye nta ya kanauba peke yake ikiwa boti inalala juani, kwenye jua kali inadumu miezi michache tu. Silanti ya polima inakwenda mbele zaidi, na seramiki zaidi ya hapo, ila seramiki inataka bodi isiwe na tone la mafuta na inafunga kila kasoro uliyoiacha chini yake. Umeacha mikwaruzo ya 1500, utaitazama mpaka seramiki ichoke.

#26 Tanga_Bovu
Na kama kuna siku unafikiria kupiga rangi, chunga bidhaa zenye silikoni. Silikoni inaingia kwenye vishimo vya jelikoti, siku ya rangi unakuta rangi inakimbia na kuacha vishimo vya duara kila mahali. Mnaomwambia apige rangi mumwambie pia kwamba politani ya kopo mbili ina aisosayaneti (kemikali inayodhuru mapafu), ukiipuliza kwa bunduki barakoa ya kawaida haitoshi, inataka hewa safi inayoletwa kwa mpira kutoka nje. Inayoweza kufanywa na mtu wa kawaida ni kupaka kwa rola na kulainisha kwa brashi, na hata hapo glavu na barakoa ya mvuke. Mapafu hayapigwi kompaundi.

#27 ChumviMunyu
Yangu ina njano njano pale mstari wa maji na kahawia upande wa omo, yaani mbele. Niliambiwa asidi ya okzaliki inarudisha jelikoti, kweli?

#28 FundiFaiba
Hairudishi jelikoti, inatoa DOA. Yale madoa ya kahawia ni kutu na rangi za majani yaliyooza majini, okzaliki inayashika na kuyayeyusha bila kusugua. Kupauka haiugusi. Vaa glavu na miwani, iache dakika chache, suuza kwa maji mengi, isichanganywe na jiki. Kuna wanaotumia dawa za choo zenye asidi ya haidrokloriki, doa linatoka haraka kweli, lakini inakula zinki ya trela na alumini, ikidondokea huko utajua baadaye. Ukimaliza paka nta maana asidi inaondoka nayo pia.

#29 ChumviMunyu
Asante, nimeelewa.

#30 Dau_la_Mnyonge
Wakuu nimejifunza mengi. Lakini swali la ubavu wa kulia halijajibiwa. Sabuni ni ileile pande zote, fundi yuleyule, bluu ileile.

#31 Kaskazi_Kali
Inafungwa wapi? Kama omo inatazama upande mmoja siku zote, ubavu mmoja unapata jua la mchana na mwingine la asubuhi. Na usisahau jua linalorudi kutoka kwenye maji, linapiga ubavu kwa chini.

#32 Dau_la_Mnyonge
Imetiwa nanga moja, inageuka na upepo na maji.

#33 Joshi_Tele
Basi fundi alianza kushoto asubuhi na kulia alifika jua limewaka na yeye amechoka. Pedi imejaa, kompaundi inakauka mbele yake.

#34 MzeeWaMsasa
Inawezekana. Mimi nawaza kingine, ubavu wa kulia huenda ulishawahi kugongwa ukarekebishwa na jelikoti tofauti. Resini za jelikoti hazifanani, zenye msingi wa aisoftaliki zinavumilia jua kuliko zile za othoftaliki, na iliyochanganywa na kichocheo kidogo kuliko inavyotakiwa haiivi vizuri inabaki laini, hiyo inapauka upesi. Gonga na mpini wa bisibisi taratibu urefu wote usikilize sauti inabadilika wapi, na ingia ndani uangalie kama faiba ina kiraka.

#35 Tanga_Bovu
Kiraka kingepauka kwa umbo la kiraka mzee, sio ubavu mzima.

#36 MzeeWaMsasa
Kama walipuliza ubavu mzima ili rangi ilingane?

#37 Tanga_Bovu
Wangepuliza mtu angeona. Jelikoti ikipulizwa nje ya kalibu inatoka na manundumanundu, inataka msasa bodi nzima, na isipotiwa nta ya parafini haikauki juu, inabaki inanata kwa sababu ya hewa. Ni wachache wanaojisumbua hivyo kwa boti ya futi 19.

#38 MzeeWaMsasa
Wachache, lakini wapo. Nimewaona.

#39 Dau_la_Mnyonge
Ndani upande wa kulia kuna tangi, sioni faiba vizuri. Nimegonga, sauti kwangu ni ileile, labda sikio langu. Nitapiga tepu vipande vinne kila ubavu: kimoja kompaundi na sufu tu, kimoja msasa 1000, kimoja akriliki ya Demani, kimoja nisikiguse. Vyote nivifute spiriti isipokuwa cha akriliki. Nitaleta picha.

#40 bintiOmo
Hicho kisichoguswa umefikiria vizuri. Na nta weka ileile kwa vile viwili vya kwanza, vinginevyo hutajua kilichosaidia.

#41 Demani
Mimi niulize pembeni, deki yangu ile sehemu yenye vipele vya kuzuia kuteleza imepauka nayo. Mashine haiingii mle. Nta je?

#42 FundiFaiba
Nta usiweke kabisa, mtu atakwenda baharini kwa mgongo. Sugua na brashi ya nywele laini na kisafishio chepesi, kisha kuna silanti zilizotengenezwa kwa ajili ya hizo sehemu ambazo haziteleshi. Msasa usiuguse, ukivila vile vipele havirudi.

#43 Kasia_Moja
Samahani nimechelewa, na kioo cha plastiki cha mbele kilichopauka, naweza kutumia hii asetoni ya #11?

#44 Tanga_Bovu
USITUMIE. Asetoni kwenye plastiki ya akriliki inaleta nyufa ndogondogo hapohapo na hazitoki tena. Maji na sabuni laini kwanza, halafu polishi ya plastiki kwa mkono. Fungua uzi wake tuje huko.